Mpe Ruhusa Aondoke: Msikilizaji Anayebaki Baada ya Fomu Kufungwa



Leo hatukuja na singo wala udi. Tumekuja na jambo linalokaa nyuma ya kioo cha simu zenu. Siku hizi bibi harusi anachagua shela kwa simu, anaweka siku ya kupakwa hina kwa simu, na mapambo ya ukumbi anayatazama kwa simu akiwa amekaa jikoni na mama yake. Kila anapogusa kioo, upande wa pili kuna kinachosikiliza. Leo tunazungumza juu ya huyo msikilizaji: anavyowekwa, na zaidi anavyoondolewa, kwa sababu kumweka karibu kila anayeandika kodi anajua, na kumwondoa wengi hawakumbuki.

Sisi ni wanawake watatu hapa Unguja. Tulijifunza kodi kila mmoja kwa njia yake, na sasa tunatengeneza na kutunza kurasa za wajasiriamali wadogo: washoni, wapaka hina, wapambaji, wakodishaji wa mashela. Kazi tunaifanya asubuhi watoto wakiwa skuli, na usiku baada ya Isha. Tunajua baadhi yenu mnajifunza kazi hii hii, na wengine hamna habari nayo kabisa. Tutajaribu kusema kwa namna ambayo wote mtatoka na kitu.

Msikilizaji ni nani?

Kivinjari cha simu muda mwingi kinangoja tu. Kinangoja uguse, uandike, uteleze kidole, ugeuze simu ubavu. Kila moja ya hayo huitwa tukio. Mwandishi wa kodi anakiambia kivinjari: likitokea tukio hili, fanya hivi. Ile "fanya hivi" ndiyo msikilizaji, na amri ya kumweka ni addEventListener. Amri hii, pamoja na mwenzake wa kumwondoa, removeEventListener, ziliandikwa katika kanuni moja ya W3C iliyotolewa Novemba 2000. Zilitoka siku moja, ukurasa mmoja. Ila masomo mengi ya mwanzo yanaifundisha ya kwanza na kuipita ya pili.

Chukulia nyumba ya harusi. Watu wamejaa ndani, kelele, mapishi, hakuna anayeona njia. Basi anachukuliwa mtoto, anakalishwa barazani, anaambiwa: "Ukiwaona upande wa bwana harusi wanakuja, piga mbio utuambie." Mtoto anakaa. Wageni wanakuja, anatoa habari, harusi inakwisha, watu wanatawanyika. Sasa kama hakuna aliyemwambia "basi, nenda zako kacheze", mtoto mtiifu ataendelea kukaa pale. Wiki inayofuata kuna shughuli nyengine katika nyumba ile ile, na anawekwa mtoto mwengine. Wageni wakitokea, watoto wawili wanakimbia ndani, na kila mmoja anatoa ujumbe aliopewa siku yake.

Mtoto hana kosa lolote. Anafanya alichoambiwa. Na kivinjari ni mtoto mtiifu kuliko wote.

Vyumba vinavyokunjwa na baraza inayobaki

Zamani ukibonyeza kiungo, ukurasa mzima ulifutwa na mwengine ukaletwa. Wasikilizaji wote waliondoka na ukurasa wao, hata kama mwandishi hakuwakumbuka. Kurasa nyingi za sasa hazifanyi hivyo. Zimejengwa kwa fremuweki, yaani mfumo wa kujengea kurasa kama Vue, React, Angular au Svelte, na ndani yake ukurasa umegawanywa vipande vinavyoitwa komponenti. Fomu ni kipande, picha ya shela ni kipande, kalenda ni kipande. Ukifungua fomu, kipande chake kinaingizwa. Ukiifunga, kinatolewa. Ukurasa wenyewe haufutiki. Unaweza kukaa ndani ya ukurasa mmoja nusu saa, vipande vikiingia na kutoka, bila kupakua upya hata mara moja. Hili lina faida kwa bando na kwa kasi, na sisi wenyewe tunalipenda.

Lakini hapo ndipo msikilizaji anapobaki nyuma, na inategemea amewekwa wapi.

Ukimweka msikilizaji kwenye kitufe kilichomo ndani ya kipande, kipande kikitolewa kitufe kinaondoka, na kama hakuna kingine kinachokishikilia, kivinjari kitawafuta wote wawili chenyewe. Na ukitumia njia ya fremuweki yenyewe, kwa mfano @click ya Vue au onClick ya React, huna haja ya kusafisha, kazi hiyo ni ya fremuweki.

Tabu inaanza pale msikilizaji anapowekwa nje ya kipande: kwenye window, ambayo ni dirisha zima la kivinjari, au kwenye document, ambayo ni ukurasa wote. Hapo hakukaa chumbani, amekaa barazani. Chumba kinakunjwa, baraza ipo pale pale. Fremuweki haimjui mtoto huyo, kwa sababu hukumpitishia kwake. Ulimweka kwa mkono wako, na ni mkono wako utakaomwondoa.

Duka la mashela

Tuliitwa na mwenye duka moja linalokodisha mashela. Ukurasa wake ulitengenezwa miaka kadhaa nyuma na fundi mwengine, na baadaye fundi mwengine tena akaufanyia marekebisho. Sisi tulikuwa wa tatu. Malalamiko ya mwenye duka hayakuwa juu ya kodi. Yalikuwa juu ya wateja.

Alisema mabibi harusi wamekuwa hawana msimamo. Mtu anashika shela kwa siku mbili, Alkhamisi na Jumamosi, kisha anakuja kuchukua siku moja tu. Siku ile nyengine shela linaning'inia dukani, na bibi harusi mwengine ameshaambiwa halipo. Alimpigia simu mmoja wao kumuuliza, na maneno yakawa makali. Binti akaapa kwamba ameomba siku moja tu. Mwenye duka hakumwamini, kwa sababu maombi mawili yalikuwa mbele yake, yenye jina lake na namba yake ya simu.

Mtu aliyebakiza siku chache aolewe, akaambiwa mwongo juu ya shela. Tulipolisikia hilo tuliona hii si kazi ya kuweka kiporo.

Tukakaa na orodha ya maombi. Jambo la kwanza lililotushtua ni saa. Maombi mawili ya binti yule yalifika katika dakika moja, sekunde moja. Hakuna mwanaadamu anayejaza fomu mbili zenye tarehe tofauti ndani ya sekunde moja. Tukatazama maombi mengine yenye sura hiyo, na yote yalikuwa hivyo hivyo: mawili, au matatu, kwa mpigo mmoja.

Jambo la pili tulilipata kwa kuuliza. Mwenye duka alikuwa amejaribu fomu mara nyingi kwenye simu yake na kila mara ombi moja tu lilifika. Tulimwomba atuoneshe anavyojaribu. Anafungua ukurasa upya, anajaza, anagusa kitufe cha Tuma. Tukamwambia: sasa jaza, funga fomu bila kutuma, ifungue tena, badilisha tarehe, na safari hii usiguse kitufe cha Tuma, bonyeza Enter kwenye kibodi ya simu. Yakafika maombi mawili. Lenye tarehe mpya, na lenye tarehe ile aliyoiacha.

Hivyo ndivyo bibi harusi anavyoitumia fomu. Anajaza Alkhamisi, anafunga, anamuuliza mama. Mama anasema Alkhamisi kuna shughuli ya jirani, weka Jumamosi. Anafungua tena, anajaza Jumamosi, anabonyeza Enter. Fomu ya kwanza, ambayo machoni pake imeshafungwa, bado ilikuwa na msikilizaji wake barazani. Ilisikia Enter ile ile, ikatuma ilichokuwa nacho: Alkhamisi.

Waliogusa kitufe cha Tuma kwa kidole hawakupatwa na hili, kwa sababu kitufe kile kiliwekwa kwa @click na Vue yenyewe ilikisafisha. Kibodi ndiyo iliyokuwa imesikilizwa kutoka kwenye window.

Usafi ulioandikwa usioitwa

Tulipofungua kodi tulitarajia kukuta kwamba hakuna mahali pa kumwondoa msikilizaji. Tulikuta papo. Fundi wa kwanza alikuwa makini. Ndani ya mounted, yaani kipande kinapoingia, alimweka msikilizaji wa keydown kwenye window. Ndani ya beforeDestroy, yaani kabla kipande hakijatoka, alimwondoa, kwa fankisheni ile ile na jina lile lile. Ukiisoma kodi hiyo unamwambia mashallah.

Lakini aliiandika kwa Vue 2. Vue 3, iliyotoka Septemba 2020, ilibadilisha majina ya hatua hizo mbili za mwisho. Kilichokuwa beforeDestroy kikawa beforeUnmount, na destroyed ikawa unmounted. Mounted ilibaki na jina lake. Mwongozo wa kuhamia Vue 3 unalitaja badiliko hili. Vue 2 yenyewe iliacha kuhudumiwa tarehe 31 Desemba 2023, kwa hivyo kurasa nyingi zilihamishwa, na wa duka hili ni mmoja wao.

Mnaona kilichotokea? Mlango wa kuingilia ulibaki na jina lake, wa kutokea ukabadilishwa jina. Vue 3 ya kawaida ikikutana na beforeDestroy haipigi kelele. Inaliona ni jina isilolijua na inapita. Ukurasa unafunguka, picha zinaonekana, fomu inatuma, kila mtu anasema kazi imekwisha. Kila fomu inapofunguliwa msikilizaji anawekwa, na kila inapofungwa hakuna anayeondolewa.

Na tatizo haliishii kwenye maombi. Msikilizaji anashikilia fankisheni yake, fankisheni inashikilia kipande chake, na kipande kinashikilia kila kilichojazwa ndani yake. Vyote hivyo vinabaki katika kumbukumbu ya simu. Kwenye simu kubwa ya bei hutaona kitu. Kwenye simu ndogo, ambayo ndiyo aliyonayo mteja wetu wa kawaida, baada ya kufungua na kufunga mara kadhaa ukurasa unaanza kuwa mzito, na mtu anadhani ni mtandao.

Tulivyorekebisha

Marekebisho ya kwanza yalikuwa neno moja: beforeDestroy ikawa beforeUnmount. Tungeweza kuishia hapo na kupeleka bili. Lakini tulitaka hali hii isirudi, kwa hivyo tulifanya mengine matatu.

La kwanza, tulijiuliza kama msikilizaji yule ana haja ya kukaa barazani. Hakuwa na haja. Enter ya kutuma fomu inatakiwa isikike ndani ya fomu tu. Tukaiweka kwenye fomu yenyewe kwa njia ya Vue, na msikilizaji wa window tukamfuta kabisa. Kabla ya kufikiria namna ya kumwondoa mtu, uliza kama ulihitaji kumweka.

La pili, kwa wale waliohitajika kubaki kwenye window, kama yule anayepanga picha upya simu ikigeuzwa ubavu, tuliandika fankisheni moja ndogo inayofanya kazi zote mbili. Unaipa mahali, jina la tukio na cha kufanya. Yenyewe inamweka msikilizaji katika onMounted na kumwondoa katika onUnmounted. Kuweka na kuondoa vinakaa mstari wa juu na wa chini, na anayehamisha kodi atavihamisha pamoja. Wanaotumia maktaba ya VueUse wanayo tayari, inaitwa useEventListener.

La tatu, tuliwasha kanuni ya ESLint inayoitwa vue/no-deprecated-destroyed-lifecycle. Kazi yake ni kukwambia ukiwa umebakiza majina yale ya zamani. Mashine haichoki kusoma, sisi tunachoka.

Na seva nayo tuliiambia ikatae maombi mawili ya namba moja ya simu katika sekunde moja. Hiyo ni kinga tu. Ugonjwa tulikuwa tumeshautibu.

Kwa mnaotumia fremuweki nyengine

Jambo ni lile lile, majina yanabadilika.

Katika React, msikilizaji wa window anawekwa ndani ya useEffect, iliyokuja na toleo la 16.8 mwezi wa Februari 2019. Fankisheni unayoirudisha mwishoni mwa useEffect ndiyo ya usafi. React itaiita kipande kinapotoka, na pia kabla ya kuirudia useEffect ile ile. Usiporudisha kitu, hakuna usafi. Na ukisahau orodha ya vitegemezi mwishoni, useEffect itarudiwa kila kipande kinapochorwa upya. Ukiiacha orodha hiyo tupu wakati msikilizaji anasoma thamani zinazobadilika, atabaki na thamani za siku aliyowekwa. Ukurasa unaonesha wageni 200, yeye bado anahesabu 150.

Tangu React 18, ya Machi 2022, ukiwasha StrictMode wakati wa kutengeneza, kila kipande kinapoingia kwa mara ya kwanza kinaingizwa, kinatolewa na kuingizwa tena makusudi, ili uone kama usafi wako unafanya kazi. Wapo wanaoona jambo likitokea mara mbili, wakaizima StrictMode. Tafadhali msiizime. Inawaonesha leo kile ambacho mteja angekiona kesho.

Katika Angular, mahali pa usafi ni ngOnDestroy. Ukimweka msikilizaji kwa HostListener, Angular itamwondoa yenyewe. Katika Svelte, onMount inaweza kurudisha fankisheni ya usafi, lakini onMount hiyo isiwe ya async, kwa sababu async inarudisha ahadi badala ya fankisheni, na usafi hautaitwa. Ipo pia svelte:window, ambayo inajisafisha.

Sasa sikilizeni hili la mapacha, maana linawasumbua wengi. Ili removeEventListener imwondoe msikilizaji, lazima umpe fankisheni ile ile uliyomweka nayo. Nyengine iliyoandikwa kwa maneno yale yale haitoshi. Ukiandika fankisheni isiyo na jina ndani ya addEventListener, kisha ukaandika nyengine kama hiyo ndani ya removeEventListener, kwa macho yako ni moja. Kwa kivinjari ni mapacha: sura moja, watu wawili. Unamwambia Kulwa aondoke wakati aliyekaa barazani ni Doto. Hakuna kosa litakaloonekana kwenye skrini, na Doto haondoki. Kwa hivyo ipe fankisheni jina, ihifadhi, na utumie jina hilo kote kuwili. Kuna faida nyengine: ukimweka msikilizaji yule yule mara mbili mahali pamoja kwa tukio lile lile, kivinjari kinampuuza wa pili. Mapacha wasio na majina ndio wanaojaa.

Na kama ulimweka kwa capture, lazima umwondoe kwa capture. Bila hivyo hapatikani.

Kama wasikilizaji ni wengi, ipo njia nyepesi. Unatengeneza AbortController moja, unampa kila msikilizaji signal yake, na kipande kinapotoka unaita abort mara moja tu. Wote wanaondoka pamoja, hata wasio na majina. Vivinjari vikubwa vilianza kuikubali njia hii kwa wasikilizaji mwaka 2021. Ukijua wateja wako wana simu za zamani sana, jaribu kwanza.

Namna ya kuhesabu waliobaki

Msiamini macho, hesabuni. Katika Chrome ya kompyuta fungueni zana za watengenezaji, kisha Performance monitor. Mojawapo ya mistari yake inahesabu wasikilizaji. Fungua fomu na uifunge mara kumi. Namba itapanda na kushuka, hiyo ni kawaida. Ikiwa inapanda ngazi kwa ngazi na hairudi hata ukingoja, kuna watu barazani. Ukitaka kuwajua kwa majina, tumia getEventListeners kwenye konsoli na uielekeze kwenye window. Itakuonesha nani amekaa, kwa tukio gani.

Tulipofanya hivi kwenye ukurasa wa duka kabla ya marekebisho, kila kufungua fomu kuliongeza msikilizaji mmoja wa keydown. Baada ya marekebisho, mara kumi, hakuongezeka hata mmoja.

Kwa bibi harusi asiyeandika kodi

Wewe huna haja ya kuyajua majina yote haya. Lakini yapo matatu yatakayokufaa.

Ukiwa umefungua na kufunga fomu mara kadhaa, au umebadilisha tarehe, pakua ukurasa upya kabla ya kutuma. Kupakua upya kunaondoa wasikilizaji wote na kuanza na ubao safi. Baada ya kutuma, hakikisha umepata ujumbe wa kuthibitisha wenye tarehe, na uupige picha. Na kama duka au mpaka hina atakwambia umeomba mara mbili na wewe unajua umeomba mara moja, mwombe atazame saa za maombi hayo. Yakiwa ya sekunde moja, amwite fundi wake.

Na nyinyi wenye biashara, mteja akikwambieni hakufanya, msikimbilie kudhani anakuchezeeni. Mwenye duka yule alimpigia simu binti kumwomba radhi, na shela la Alkhamisi likarudishwa kwenye orodha ya yaliyopo. Yule binti mwengine aliyekuwa ameambiwa halipo, alikuwa ameshakodi kwengine. Hilo hakuna mstari wa kodi unaolirudisha.

Kwa dada zetu mnaojifunza, tunawaachia kazi ndogo ya wiki hii. Chukueni mradi wowote mlionao, tafuteni neno addEventListener ndani ya kodi yote, na kila mnapolikuta muulize maswali matatu: amewekwa wapi, nani anamwondoa, na je, huyo anayemwondoa kweli anaitwa? Swali la tatu ndilo lililokuwa limekosekana kwenye duka la mashela.

Mwezi ujao, panapo majaaliwa, tutazungumzia picha: vipi kuzipunguza ili ukurasa wa mapambo usile bando la mteja. Mabibi harusi, Mwenyezi Mungu akufanyieni wepesi katika shughuli zenu.